Namna ya kuitafsiri katuni ya Sun Wukong moja kwa moja ukumbini

Da Nao Tiangong, katuni ya Wan Laiming kuhusu Sun Wukong, tumbili mfalme anayepambana na mbingu, iliyotengenezwa Shanghai na kutolewa kwa sehemu mbili, 1961 na 1964, ni ya Kichina tupu. Mtoto wa Nyalenda au Manyatta hapa Kisumu hawezi kufuata maandishi ya Kiingereza yanayopita chini mbio. Akipata mtu wa kumtafsiria kwa maikrofoni, hapitwi na kitu. Kabla ya yote, pata ruhusa ya mwenye haki za filamu na leseni ya maonyesho ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya.

Kazi kubwa iko kwenye daftari. Itazame filamu yote mara moja bila kuandika. Ukirudia, piga safu tatu: dakika na sekunde, nani anasema, utasema nini. Kisha soma maneno yako kwa sauti filamu ikicheza. Hapo ndipo utagundua Kiswahili chako ni kirefu kuliko mdomo wa mhusika. Kwa sekunde tatu, silabi kumi na tano zinatosha. Zikizidi, utaingilia maneno ya anayefuata na watoto hawatajua nani amesema nini. "Mimi ni Mtakatifu Mkuu aliye sawa na Mbingu" haitoshei. Sema "Mimi ni Mkuu, sawa na Mbingu!"

Usifichue siri mapema. Wukong anapoitwa mbinguni na kupewa kazi ya farasi, anaamini amepata cheo kikubwa, na hasira yake yote inatoka hapo. Kwa hivyo mwanzoni sema "Mkuu wa Farasi wa Mbinguni," kwa sauti ya heshima. Akishajua ukweli ndipo useme "kumbe ni mchunga farasi tu!" Ukianza na mchunga farasi, watoto hawataelewa kwa nini anarudi kwao Mlima wa Maua na Matunda akiwa amefura.

Rungu analochukua kwa Mfalme Joka wa Bahari ya Mashariki lina uzito wa jin 13,500. Jin haimwambii mtoto kitu. Kwa jin ya leo, ambayo ni nusu kilo, hizo ni karibu tani saba. Mwambie ni zito kama trela iliyojaa miwa, naye ameshaona trela hizo njia ya Muhoroni.

Sauti nne zinatosha: Wukong, Mfalme wa Mbinguni, Nezha (mtoto shujaa wa jeshi la mbinguni), na moja ya wengine wote. Ukijaribu kumi, zitachanganyika kabla ya nusu saa. Kwenye mapigano, nyamaza. Ngoma na matoazi ya opera ya Beijing ndiyo yanayoongoza kila pigo, na msimuliaji anayepiga kelele juu yake anaharibu sehemu tamu kuliko zote.

Mwisho nao uache ulivyo. Katika riwaya ya Safari ya Magharibi, ambayo filamu imetolewa kwayo, Buddha anamfungia Wukong chini ya mlima kwa miaka 500. Katika filamu hii anashinda na kurudi nyumbani. Atakayeuliza, mjibu taa zikishawashwa.

Kwa vyombo, pitisha sauti ya filamu na ya maikrofoni kwenye mikseri (mashine ya kuchanganya sauti), kila moja na chaneli yake, ushushe filamu unapoongea na kuipandisha ukinyamaza. Spika ziwe mbele yako zikielekea watazamaji. Zikikuelekea, maikrofoni italia. Ishike vidole vitatu kutoka mdomoni.

Onyesha asubuhi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mapazia mazito. Mvua ya Kisumu hupenda alasiri na jioni, na ikianguka kwenye mabati hakuna spika itakayoishinda. Stima ikipotea, laptopu itaendelea kwa betri lakini projekta itazima papo hapo, kwa hivyo bonyeza kusimamisha filamu mara moja na uandike dakika uliyofikia. Projekta ya balbu iache ipoe dakika chache kabla ya kuiwasha tena. Ukiilazimisha ikiwa moto, balbu inaweza kuungua.