Kuskani negativu za zamani zilizokaa Tanga

Kwanza funua kifuniko cha skana, uangalie upande wake wa ndani. Skana inayofaa ina taa humo, ya kumulika mkanda kutoka juu. Epson Perfection V600 ni mojawapo. Skana ya kawaida ya printa humulika kutoka chini tu, na negativu hutoka giza tupu hata ukiongeza mwanga kwenye programu.

Kazi kubwa ni kuandaa mkanda. Hewa ya Tanga ina unyevunyevu, masika ndiyo usiseme, na ukungu huota kwenye upande usiong'aa, wenye jelatini, yaani utando unaobeba picha. Elekeza mkanda dirishani kwa mshazari utauona: nyuzi nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Usiufute kwa maji kamwe! Jelatini iliyoliwa na ukungu huyeyuka majini, na picha ikaondoka nayo. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa cha kufutia lenzi, ukifuta taratibu kuelekea upande mmoja, na ujaribie kwanza kwenye ncha isiyo na picha. Palipokwisha liwa haparudi. Mkanda unaonuka siki utenge na mingine, kwa sababu asetati yake, yaani plastiki ya mkanda wenyewe, inaoza na mvuke wake huiambukiza mikanda jirani. Huo ndio wa kuskaniwa mwanzo.

Uliojikunja utie kwenye mfuko wake, uukandamize kwa vitabu vizito siku mbili tatu.

Halafu vumbi. Zima pangaboi, pangusa sakafu kwa tambara bichi badala ya kufagia, subiri nusu saa. Shika mkanda kwenye kingo na upulize kwa pampu ndogo ya mpira. Pumzi ya mdomo hurusha mate, na mate huacha madoa.

Weka mkanda kwenye fremu yake ya plastiki, upande unaong'aa ukitazama chini. Ukiulaza moja kwa moja juu ya kioo, utapata miviringo yenye rangi za upinde wa mvua pale unapogusana nacho. Kwenye ncha ya fremu pana uwazi ambao skana hupimia mwanga wake. Pangusa kioo cha hapo kwa makini: chembe moja tu huchora mstari toka mwanzo wa picha hadi mwisho.

Kwenye programu ya skana chagua dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi. Picha ya milimita 24 kwa 36 itakupa pikseli kama 3,400 kwa 2,270, zinazotosha kuchapa sentimita 20 kwa 30. Ukipanda hadi 6400, kinachokua zaidi ni faili, maana lenzi ya skana hizi haifikii huko. Chagua biti 48 kwa rangi, biti 16 za kijivu kwa nyeusi na nyeupe, na uhifadhi kama TIFF, faili isiyopunguza ubora wa picha; JPEG ya kutuma WhatsApp itatengenezwa baadaye.

Digital ICE, inayofuta vumbi kwa miale ya infraredi, iwashe kwa negativu za rangi tu. Kwenye nyeusi na nyeupe ya kawaida, picha yenyewe ni fedha, na fedha huzuia miale hiyo. Programu hudhani ni vumbi na kuanza kufuta nyuso za watu.

Picha za rangi zikitoka zimepauka au za kibuluu, tazama kisanduku cha kuchagulia eneo la picha kwenye programu. Kikigusa plastiki nyeusi ya fremu au ukingo mtupu wa mkanda, vipimo vya mwanga huvurugika. Kiingize ndani ya picha kidogo, uskani upya.