Maji kwanza, mafuta baadaye: kutunza nywele kavu za kujikunja za mtoto mdogo

Watoto wengi wanaoletwa kwangu kwa sababu ya nywele kavu huja vichwa vikimeremeta mafuta. Mama amepaka asubuhi, amepaka jioni, na bado akipitisha chanuo nywele zinakatika kama nyasi za kiangazi. Nimeosha na kusuka vichwa vya watoto kwa miaka mingi, na hakuna jambo ninalolirudia kuliko hili: mafuta hayaloweshi nywele. Kinacholowesha ni maji. Mafuta kazi yake ni kuyashikilia maji yasitoke haraka, na kama ndani hamna maji, hayana cha kushikilia.

Unywele uliojikunja hukauka kwa sababu ya umbo lake. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake ya asili, na kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteleza mpaka nchani. Kwenye unywele uliojizungusha kama springi hukwama karibu na ngozi, ncha zikabaki bila kitu. Mtoto mdogo ana shida hiyo mara mbili, maana tezi za mafuta huanza kufanya kazi kwa nguvu wakati wa kubalehe. Kabla ya hapo hutoa kidogo sana. Tena kila pale unywele unapopinda ni mahali dhaifu, na hapo ndipo hukatikia.

Ninayoeleza hapa ni kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, mwenye nywele za kujikunja kwa namna yoyote, kuanzia mawimbi mpaka kipilipili.

Hatua ya 1: Kagua ngozi ya kichwa

Mkalishe mtoto penye mwanga wa mchana, utenganishe nywele kwa vidole na kutazama ngozi yenyewe. Unga mweupe kidogo bila wekundu ni ukavu wa kawaida, endelea na hatua zinazofuata. Ukiona baka la duara lenye magamba, nywele zimekatika karibu kabisa na ngozi au zimebaki kama vidoa vyeusi, pengine na tezi za shingoni zimevimba, hayo yanaweza kuwa mapunye. Usipoteze wiki ukipaka mafuta. Mapunye huletwa na fangasi wanaoingia ndani ya unywele wenyewe, na dawa ya kupaka peke yake haiwafikii. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza anayoandikiwa na daktari. Mpaka apone, chanuo lake, kofia yake na taulo yake visitumiwe na mtu mwingine. Mpeleke kwa daktari pia kama ngozi imepasuka, inatoa majimaji, au mtoto anajikuna mpaka anaamka usiku.

Hatua ya 2: Andaa vitu, na uchague saa

Weka karibu chupa ya kunyunyizia yenye maji safi, chanuo la meno mapana, shampuu laini ya watoto, kondishena, losheni ya nywele, mafuta kidogo, vibanio vikubwa 4 na fulana ya pamba iliyochakaa. Kitana cha meno membamba kiache kabatini.

Unaponunua losheni, soma orodha ya viambato. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vingine vyote. Maji yanapaswa kuwa ya kwanza, na lebo nyingi huyaandika kwa Kilatini, Aqua. Kama orodha inaanza na mafuta ya mgando, ulichoshika ni mafuta, hata kopo liandikwe nini.

Saa nzuri ni mtoto akiwa amelala vya kutosha na ameshiba. Ukimshika ana usingizi, utachana kwa haraka ili umalize, na nywele zitalipa gharama ya haraka hiyo.

Hatua ya 3: Legeza mafundo kabla ya kuosha

Wengi huiruka hatua hii, ndiyo maana kuosha kunageuka vita. Fundo likilowa kabla ya kulegezwa hujikaza zaidi. Nyunyiza maji kidogo, paka kondishena au mafuta ya nazi kwenye ncha, kisha pitisha vidole taratibu ukifungua yale makubwa tu. Ninapendelea mafuta ya nazi hapa kwa sababu huweza kupenya ndani ya unywele, tofauti na mafuta mengi yanayobaki juu, na hupunguza unywele kuvimba sana unapoingia majini.

Hatua ya 4: Osha mara moja kwa wiki

Siku 7 mpaka 10 zinatosha kabisa. Mtoto akicheza mchangani katikati ya wiki, suuza kwa maji matupu. Akitoka kwenye bwawa la kuogelea, suuza siku hiyohiyo, dawa ya maji isikaukie kichwani.

Tumia maji ya uvuguvugu, na shampuu uliyoichanganya na maji kwenye kikombe. Paka kwenye ngozi ya kichwa, usugue kwa ncha za vidole, kucha zisiguse. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kusafisha urefu wa nywele. Usizirundike utosini na kuzifikicha kama nguo. Mwinamishe kichwa nyuma, taulo ndogo iliyokunjwa ikiwa kwenye paji la uso, maji yasimfikie machoni. Mtoto aliyewahi kuchomwa macho na sabuni atakumbuka wiki ijayo.

Sabuni ya kipande usiitumie kichwani. Ina magadi mengi, inanyanyua magamba madogo yanayoufunika unywele, na maji yakiwa magumu inaacha utando unaozifanya nywele kukwaruza.

Hatua ya 5: Kondishena na kuchana

Kama una muda mfupi leo, utumie wote hapa.

Gawa nywele mafungu 4 na ubane matatu. Fungu lililobaki lipake kondishena mpaka liteleze mkononi kama mwani. Likikwaruza, ongeza maji kabla ya kuongeza kondishena. Kisha shika fungu kwa mkono mmoja juu kidogo ya ncha, ubane kwa vidole, na kwa mkono mwingine uchane sentimita chache za mwisho. Zikipita, panda juu kidogo, ushike tena, uchane tena, mpaka ufike shinani. Mkono ulioshika ndio unaopokea mvuto, na kichwa cha mtoto hakisikii kitu. Anayeanzia shinani na kuteremka husukuma mafundo yote madogo yarundikane yawe moja kubwa, halafu analivuta kwa nguvu. Kilio cha mtoto hutoka hapo.

Unywele uliolowa huvutika zaidi kuliko mkavu, na ukivutwa kupita kiasi hukatika. Kwa hiyo maji bila utelezi hayatoshi, na kondishena isisuuzwe kabla hujamaliza kuchana. Nywele za kujikunja zikiwa kavu sizichani kabisa.

Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akiona chanuo anajificha nyuma ya mama yake. Kwa wiki tatu sikulitumia. Nilifungua nywele zake kwa vidole tu, yeye akiwa na chanuo lake la plastiki analomchania mwanasesere. Wiki ya nne alinipa la kwake nimchane nalo. Hakuna bidhaa ambayo ingefanya kazi ile. Mtoto akianza kulia, simama. Fungu moja likibaki, libane, ulimalize jioni. Jambo hili naliamini kwa moyo wangu wote: mtoto mdogo hutafsiri maumivu kwa njia yake, na anayeumizwa kila wiki kwa ajili ya nywele zake atajifunza kuwa nywele zake ndizo mbaya.

Ukimaliza, suuza kwa maji yaliyopoa kidogo.

Hatua ya 6: Kausha kwa kubonyeza

Ile fulana ya pamba ndiyo kazi yake. Funika kichwa, bonyeza, achia. Taulo lenye vinyuzi hukamata mikunjo na kuikwangua. Acha nywele zikiwa zimelowa lakini hazidondoshi maji. Mashine ya joto haina kazi kwenye kichwa cha umri huu.

Hatua ya 7: Losheni, kisha mafuta

Nywele bado zina maji, na sasa ndiyo saa ya kuyafungia. Chukua losheni kiasi cha ukucha wa kidole gumba kwa kila fungu, uitandaze viganjani na kuipaka kuanzia nchani kwenda juu. Halafu mafuta: matone matatu au manne kwa kichwa kizima, yasuguliwe viganjani kwanza na kupitishwa juu ya ncha. Nywele zikibaki zinang'aa na kunata, umezidisha.

Mafuta yaelekee kwenye nywele zaidi ya ngozi. Kama mtoto ana mba, kuijaza ngozi mafuta kunaweza kuizidisha, kwa sababu vijidudu vya fangasi vinavyohusika na mba hula mafuta hayo. Usimpake mafuta makali ya mnanaa, mikaratusi au kafuri, hata kama watu wazima wanayasifia kwa kukuza nywele. Kwa mtoto wa umri huu yanaweza kudhuru upumuaji, na kafuri ikimezwa ni sumu. Bidhaa mpya ijaribu kwanza kwa kupaka kidogo ndani ya mkono wake na kusubiri siku nzima.

Hatua ya 8: Bana kwa ulegevu

Mabutu machache makubwa au misokoto miwili miwili inatosha. Huzuia nywele zisijifunge upya na kuzipa ncha pumziko. Msuko ukiwa unavuta ngozi ya paji, ukiona vipele vidogo kwenye mpaka wa nywele, au mtoto akishika kichwa akilalamika, ufumue saa hiyohiyo. Usisubiri "uzoee". Kuvutwa kwa muda mrefu hunyonyoa nywele za pembeni, na kukiendelea kwa miaka vinyweleo hufa kabisa, visioteshe tena. Mimi sisuki mistari midogo kwenye kichwa kilicho chini ya miaka mitatu, hata nikiombwa.

Shanga na vibanio vidogo pia viache. Vinachomoka, na mtoto wa umri huu kila kitu hukipeleka mdomoni, anaweza kupaliwa. Rababendi tupu hukata nywele, tumia bendi iliyovikwa kitambaa. Dawa za kunyoosha nywele usizisogeze kabisa. Zina kemikali kali zinazoweza kuunguza ngozi, na ngozi yake bado ni nyembamba.

Hatua ya 9: Usiku na asubuhi

Shuka na mto wa pamba hunyonya unyevu na kukwaruza kila mtoto anapogeuka, na kwa kawaida kisogo ndicho huonyesha kwanza. Badilisha iwe satini au hariri, iliyotandikwa na kubanwa vizuri chini ya godoro. Kofia ya kulalia simpendekezei mtoto mdogo. Huteleza usiku ikafunika uso, na zile za kamba ni hatari shingoni.

Asubuhi nyunyiza maji, chukua losheni kidogo sana, finyafinya nywele kwa viganja zirudie mikunjo yake, basi. Usichane kila siku.

Kupima kama inasaidia

Nywele za kujikunja hujikusanya, kwa hiyo macho yatakudanganya kuhusu urefu. Chagua fungu moja la kisogoni, livute taratibu linyooke, upime kwa rula na kuandika tarehe. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu rudia kwenye fungu lilelile. Ukikuta urefu haujasogea, mara nyingi nywele zinaota kama kawaida ila zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota. Hapo tazama upya jinsi unavyochana na kitu anacholalia. Kama fungu lenyewe linazidi kuwa jepesi kutoka shinani, rudi kwenye hatua ya 1 na umpeleke kwa daktari.