Baridi ya Juni isikusahaulishe maji

Ndugu zangu wa Uyole, Makete, Njombe na Mafinga, baridi ikishabana hivi, kiu hupotea. Mtu anavaa sweta mbili, anakunywa kikombe cha chai, anashinda shambani mpaka jioni bila tone la maji.

Figo hazina likizo. Kwa siku moja huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha karibu yote huyarudisha mwilini pamoja na sukari na chumvi inayohitajika. Kinachotoka kama mkojo ni kama lita moja na nusu tu. Kazi yote hiyo, kiungo chenyewe kina ukubwa wa ngumi!

Na baridi huongeza mkojo: mishipa ya ngozini hujibana kutunza joto, damu inajaa zaidi ndani, figo zinaona maji yamezidi na kuyatoa.

Angalia rangi ya mkojo. Njano iliyopauka ni sawa. Ukikolea, kunywa maji; ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai hushuka vizuri zaidi. Ukibaki mweusi kama chai ya rangi, au uso na miguu ikivimba, nenda kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo afuate kiasi alichopangiwa na daktari.

Na tafadhali, kuvuna viazi kukikuumiza mgongo, usimeze diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa kujinunulia tu. Hupunguza damu inayofika kwenye figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji.