Umelazwa na saratani ya damu unangojea kupandikizwa uboho: fanya hivi

Kwanza ujue unangojea nini. Kwetu watu wakiskia fulani anangojea kupandikizwa wanadhani yuko kwenye foleni tu, kama abiria anaengojea boti, kumbe sivo. Uboho, ile nyama laini ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, mpya kwa kawaida hauwekwi mpaka ugonjwa ulale kwanza, yani wakipima uboho wako zile chembe changa za saratani ziwe chini ya asilimia 5, na kinachoulaza ni hio kemo, yani dawa kali za saratani, unayotiwa sasa hivi. Kwaio siku hizi za wodini ndo matibabu yenyewe. Weka daftari, kila wakikutoa damu uliza chembe nyeupe (zinazokukinga) ngapi, platileti (zinazogandisha damu) ngapi, andika na tarehe.

Jambo kubwa kuliko yote ni homa. Kemo inapiga ugonjwa na inapiga na chembe nyeupe zinazokulinda, mara nyingi zinashuka chini kabisa kwenye wiki moja hadi mbili baada ya dawa, na hapo kijidudu kidogo tu kinaweza kukuangusha ndani ya masaa machache. Kua na kipimajoto chako. Joto likifika 38 mwite nesi hapohapo, hata saa tisa za usiku, usingojee daktari apite asubuhi, maana antibayotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Na tafadhali usimeze panadoli kabla hujapimwa, inashusha joto tu na ugonjwa unabaki ndani unaendelea. Ukitetemeka kwa baridi bila ya joto kupanda pia sema. Sisi tumelelewa kustahamili, mtu anaumwa akiulizwa anajibu alhamdulillah sijambo. Mshukuru Mungu, halafu mwambie nesi ukweli wote, mpaka choo kilivyokua.

Platileti zikiwa chini damu haigandi vizuri, kwaio brufeni, diklofenaki na asprini usiguse mpaka daktari aseme, sindano za matakoni usikubali bila kuuliza. Mswaki uwe laini sana, ule wa mti uweke kando kwa sasa kwasababu unachubua fizi, sukutua maji ya chumvi kila baada ya kula. Hijama ndo kabisa usithubutu, hata aje nani kukushauri, kuchanjwa ngozi wakati huna kinga wala platileti ni hatari khasa. Dawa za miti, habasoda, asali mbichi, vyote mwambie daktari kabla hujaviweka mdomoni, vyengine vinagongana na kemo. Dua isomwe usiku na mchana, lakini kombe, yani aya zilizooshwa kwa maji, la maji yasiochemshwa usinywe.

Sasa ndugu. Wa baba mmoja mama mmoja ndo wanaopimwa mwanzo kutafuta wa kukupa uboho, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na wewe kamili. Mzazi au mtoto wako analingana nusu, na siku hizi hio nusu nayo inatumika, kwaio asiekua na ndugu asikate tamaa mapema. Lakini hapa pana kitu wengi hawaambiwi: hao wanaoweza kukupa uboho wasikuchangie damu wala platileti. Mwili wako unaweza kujenga kinga dhidi yao na baadae ukaukataa uboho wao. Spitali ikitaka watu wa kuchangia, kaka na dada waende benki ya damu na waseme wazi kua damu yao apewe mgonjwa mwengine, wewe utiwe ya mtu baki.

Wageni najua ni mtihani. Mtu kalazwa basi linakuja gari zima, shangazi, mjomba, majirani na watoto wamebebwa, na kumwambia mtu mzima asiingie ni haya kubwa. Mchague mmoja katika familia mwenye ulimi mzuri awe ndo mlinzi wa mlango, awaombe wengine wapige simu. Mwenye mafua asiingie, hata akiwa mama. Wanaoingia wanawe mikono kwa sabuni. Vikuba vya asmini wasilete, na nyumbani utakapolala udi usifukizwe.

Chakula kiwe kimepikwa siku hiohio na kije cha moto, kiporo hapana. Uji, mchuzi wa samaki alieiva vizuri, mayai ya kuchemsha yalioiva mpaka ndani. Kachumbari, urojo wa barazani, juisi ya muwa na barafu ya njiani viache mpaka uruhusiwe. Tunda la kumenya mwenyewe kama ndizi au chungwa, sawa. Hamu ikikatika kula vijiko vitatu kila saa kuliko kujilazimisha sahani nzima. Na utoke kitandani kila siku hata kwa kutembea ukumbini, miguu inadhoofika haraka mno.

Ukiruhusiwa kati ya duru moja ya kemo na nyengine, kama kwenu Pemba usirudi. Najua unakutamani kwenu, mie kwetu Wete na nlikua nalia, lakini ikikupata homa usiku boti haipo. Kama unatibiwa Muhimbili tafuta jamaa Dar umkalie, karibu na spitali.

Kabla ya yote, ikiwezekana hata kabla ya kemo ya mwanzo, muulize daktari habari ya uzazi. Kemo na hasa dawa kali za kabla ya kupandikizwa zinaweza kukufungia kizazi, mwanamme na mwanamke. Usione haya, wewe ndo utakaeishi na majibu.

Mwisho karatasi. Wengi wetu tunapelekwa nje, India hasa, kwaio pasipoti yako na ya ndugu atakaetoa uboho zishughulikiwe mapema, yeye pia anasafiri. Kila ripoti itolewe kopi, picha yake ibaki kwenye simu yako na ya mtu mwengine.