Kabla ya kugusa Apollo: mambo ya kuweka sawa ukitaka kushinda Freeciv kwa chombo cha anga

Sisi tunaocheza Freeciv hapa Lubumbashi, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga miji na nchi yako zamu kwa zamu, tunaipendea mambo matatu: ni ya bure, haikuli mega, na inatembea hata kwenye laptop ya zamani. Lakini wengi wanajua kushinda kwa njia moja tu, kupiga kila mtu mpaka abaki mmoja. Njia ya kutuma chombo mpaka nyota ya Alpha Centauri wanaiogopa ama wanaianza vibaya, mtu anafikisha teknolojia, anajenga Apollo (ajabu lenye linafungua ujenzi wa chombo) haraka haraka, halafu anashangaa mji mkuu wake umetekwa na kila kitu kimepotea. Hii ya anga inashindwa ama inapatikana kabla ya Apollo. Apollo yenyewe ni mwanzo wa hatari, si mwisho wa kazi.

Kwanza kabisa mambo ya mashine. Umeme wetu unajulikana, na batri ya laptop ya zamani inakuonyesha asilimia 40 halafu inazima bila kuaga, kwa hiyo kabla ya zamu ya kwanza ingia kwenye mipangilio ya sava uangalie kila zamu ngapi inahifadhi yenyewe, weka kila zamu moja, faili ni ndogo hazitakujazia diski. Kama mnacheza wengi hakuna haja ya intaneti, mmoja anafungua hotspot ya simu bila hata kununua mega, mwingine anawasha sava kwenye mashine yake, wengine wanaingia kwa anwani yake na port 5556. Hakikisheni wote muko na toleo moja la mchezo, hapo ndipo watu wanapoteza jioni nzima wakilaumu Wi-Fi.

Halafu kanuni. Hapa nazungumzia kanuni za classic, mchezo uko na zaidi ya moja na bei zinabadilika, chagua hizo kama unataka hesabu zangu zikubaliane na zako. Kwenye mipangilio angalia kipengele cha ushindi kama mbio za anga zimewashwa, na angalia pia kama mchezo unaisha chombo kikifika. Kuna mtu alicheza wikendi nzima na rafiki zake, wamekaribia kabisa, kumbe mwenye sava alikuwa amezima mbio za anga tangu mwanzo. Sekunde kumi za kuangalia zingemwokoa. Na fungua maelezo ya Programu ya Apollo ndani ya mchezo wenyewe, usome inafungulia nani kujenga vipande, wewe peke yako ama kila mwenye teknolojia, juu hiyo inabadilisha kabisa siku ya kuijenga.

Sasa hesabu, na hapa nataka tukae kidogo. Chombo kiko na vipande vya aina tatu. Bei ni kwa ngao, yaani kazi yenye mji unatoa kila zamu. Mifupa inakuja na teknolojia ya safari za anga, kila kipande ngao 80, mwisho 32. Komponenti, yaani mafuta na injini, zinakuja na plastiki, ngao 160 kila moja, mwisho 16, na zinaenda mbili mbili kwa hiyo ni jozi 8. Moduli zinakuja na superkondakta, ngao 320 kila moja, mwisho 12, yaani seti 4 za vitu vitatu: vyumba vya watu, mitambo ya kuwaweka hai, na paneli za jua. Piga hesabu: mifupa 2560, komponenti 2560, moduli 3840, jumla ngao 8960, na Apollo yenyewe 600 juu yake. Ukiwa na miji kumi yenye inatoa ngao 40 kila zamu, hiyo ni 400 kwa zamu, chombo kizima kinakula zamu 23 hivi. Ukiwa na miji minne ya maana na mingine ni vijiji vya kulima tu, utakuwa bado unajenga na jirani amesharusha chake.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mapema sana, hata katikati ya mchezo, ni hili: miji yangu mingapi iko na kiwanda? Bila kiwanda mji haujengi kipande hata kimoja, hata uwe na watu wangapi. Kiwanda ni ngao 140, na watu wanakinunua vibaya. Ukibonyeza kununua siku ileile umekiweka, ghala likiwa sifuri, bei inapigwa mara mbili: 2520 dhahabu. Acha mji ufanye kazi mpaka ubaki na ngao 70 tu, bei inashuka mpaka 385. Soma tena hizo namba mbili. Hata kuacha zamu moja tu ipite, ngao chache ziingie ghalani, tayari umeondoa ule mzigo wa mara mbili. Mwenye kujua hii anajenga viwanda vitano kwa pesa yenye mwingine ananunulia kimoja.

Viwanda vinaleta moshi, na moshi unaharibu ardhi na ukizidi unabadilisha hali ya hewa ya dunia nzima, kwa hiyo weka wafanyakazi wawili watatu wa kusafisha tu, wapange wafanye wenyewe, usijisumbue.

Teknolojia ni 87 jumla, hauhitaji zote lakini unahitaji nyingi sana, ndiyo maana sayansi lazima ianze zamani. Maktaba, chuo kikuu, halafu maabara ya utafiti kwenye miji mikubwa, maajabu (majengo makubwa yenye yanajengwa mara moja tu duniani) ya Copernicus na Newton wekeni kwenye mji mmoja wenye biashara nyingi juu vyote viwili vinapandisha sayansi ya mji ule ule. Falsafa jitahidi uwe wa kwanza duniani kuigundua, unapewa teknolojia moja ya bure. Serikali: udikteta wa mwanzo unakufungia sayansi kwenye asilimia 60, demokrasia inakuachia mpaka 90. Demokrasia pia ina kitu kizuri ambacho watu hawakisemi, majasusi wa adui hawawezi kununua miji yako iasi. Ubaya wake, mji ukikaa kwenye fujo zamu kadhaa serikali yote inaanguka, kwa hiyo anasa, ile sehemu ya kodi ya kufurahisha watu, usiipeleke sifuri kwa tamaa ya sayansi, angalia miji yenye nyuso nyekundu, yaani watu wenye hasira, kila zamu.

Misafara ndiyo wanafunzi wa zamani wa huu mchezo wanaiweka akiba. Msafara ni ngao 50, unaingia kwenye ajabu lolote na kuacha ngao zake pale. Kabla haujafika safari za anga, jaza msafara kumi na mbili kwenye mji wenye utajenga Apollo, wakae tu wamelala. Siku teknolojia inafika, zote zinaingia, 12 mara 50 ni 600, Apollo inakamilika zamu inayofuata. Usianze kuweka jengo la kawaida ukidhani utalibadilisha baadaye kuwa ajabu, nusu ya ngao inaliwa na kubadilisha.

Apollo ikikamilika ramani nzima inafunguka kwako, tumia hiyo siku ile ile kuangalia nani ameweka jeshi karibu na mpaka wako. Juu sasa tunafika kwenye kitu chenyewe: mji mkuu. Chombo kinaishi na kufa na mji mkuu. Ukitekwa kabla ya kurusha, chombo kimekwenda. Ukitekwa kimesharushwa kiko njiani, kimekwenda vilevile. Miji mingine yote inaweza kuungua na bado ukashinda, huo mmoja hapana.

Kwa hiyo zamani, mbali na siku ya Apollo, jiulize mji mkuu wako uko wapi. Watu wengi ni ule mji wa kwanza waliouweka zamu ya kwanza, na mara nyingi uko pwani. Askari wa kawaida hawashambulii wakiwa ndani ya meli, lakini marines (askari wa majini) wanaweza, na adui mwenye marines na meli kubwa za kivita anaweza kufika na kuuchukua zamu moja. Kama uko na mji mkubwa ndani ya bara, jenga ikulu mpya pale mapema ukiwa bado na amani, mji mkuu unahamia. Ukibaki pwani basi weka ulinzi wa pwani, kuta, mizinga ya kupiga ndege, na askari wa kisasa watatu au wanne, si wale wa mikuki wenye walibaki humo tangu enzi za shaba. Kuta peke yake usizitegemee, mizinga mikubwa ya howitzer inazipita kama hazipo.

Halafu mtu akijenga Mradi wa Manhattan, silaha za nyuklia zinafunguka si kwake peke yake. Sisi wa Katanga hilo jina tunalisoma kwa jicho lingine, uranium ya mradi wa kweli, ule wa Wamarekani wa bomu la atomiki, ilitoka pia Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Ndani ya mchezo maana yake ni moja, mji mkuu uwe na SDI, ulinzi wa kuzuia makombora, kabla ya kurusha, na teknolojia yake, leza, uiweke kwenye mpango wako.

Wachezaji wa kompyuta nao hawalali. Ukianza kujenga chombo wanakutumia ujumbe wa vitisho kwamba unataka kutawala anga peke yako, uache ama watachukua hatua, na wanafanya kweli, wanatangaza vita. Kwa hiyo mikataba, balozi kila nchi, na jirani mwenye nguvu zaidi, malizana naye kabla. Na usiuze teknolojia za mwisho kwa mtu yeyote, hata akileta dhahabu ya kutamanisha.

Mwisho dirisha la chombo. Inakuonyesha asilimia ya kufanikiwa na miaka ya safari. Hauhitaji kujaza vipande vyote: seti moja ya moduli na jozi kadhaa za injini zinaweza kutosha, lakini injini chache maana yake safari ndefu, na safari ndefu inampa adui zamu nyingi za kuja kwako. Vipande vyenye havijaunganishwa na mifupa havihesabiwi, kwa hiyo usijenge moduli kumi na mifupa mitatu. Na usirushe kwa haraka: mwaka 1978 Mobutu alikwenda mwenyewe kuangalia roketi ya OTRAG, kampuni ya Wajerumani, huku kwetu Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, ikapanda kidogo ikaanguka mbele ya wageni wote. Binafsi chini ya asilimia 90 sirushi, wengine wanarusha kwa 75 wakiona adui yuko mlangoni, na siwalaumu.

Ukibonyeza kurusha hauwezi kuongeza kitu tena. Zamu hiyo hiyo badilisha miji yote kumi kutoka vipande vya chombo kwenda askari, peleka walio karibu ndani ya mji mkuu, dhahabu yote iliyobaki iweke tayari kununua mlinzi mmoja kila zamu mpaka kifike.