Simu ya mama isiwe ya kukusubiri wewe tu

Wengi wetu tulioko huku nje ya nchi tukisema mama tumemuunganisha mtandaoni, maana yake tumemtumia smatifoni, mdogo wetu kamwekea WhatsApp, basi Jumapili tunapiga vidio tunaona paji la uso na dari la sebuleni, haya mama tutaongea, tumemaliza. Wiki nzima simu imelala. Mi naona tunasahau kwamba mama ana watu wake. Kuna yule waliyefundisha naye akastaafu akahamia Dodoma kwa mwanae, kuna wenzake wa kwaya, kuna dada yake aliyeolewa Mombasa enzi hizo. Kwa hiyo kabla hata hujanunua simu muulize, mama unamkumbuka nani? Halafu zitafute hizo namba. Hapo ndo pana kazi, maana namba ziko kwenye kidaftari na nusu yake hazipatikani tena, itabidi upitie kwa watoto wao.

Simu yenyewe isikuumize kichwa, ila usimtumie ile kuukuu uliyoitupa kwenye droo bila kuangalia, tangu Januari 2025 WhatsApp haikubali Android iliyo chini ya 5.0. Tafuta mjukuu au kijana wa jirani akae na mama, na umlipe chochote, kumfundisha mtu simu kwa njia ya simu ni ugomvi tu. Kijana aongeze ukubwa wa maandishi, aweke Kiswahili, kila namba aipe picha ili mama achague sura, na chati za watu wake watano sita azitoe aziweke mbele kabisa kwenye kioo. Azime pia ile ya picha na vidio kujidanlodi zenyewe, yale maua ya waridi ya "asubuhi njema" yanajaza simu na yanakula bando. Na bando umnunulie moja kwa moja kwenye laini yake, ukituma hela itanunua sukari (na ana haki).

Kitu ambacho vijana hawakioni: wazee wanabonyeza kwa nguvu na kidole kinachelewa kutoka. Simu inadhani mtu anataka kuhamisha kitu, kidole kikiteleza kidogo tu WhatsApp imetoka pale ilipokuwa, mama anasema simu imeharibika anaifungia kabatini. Simu nyingi zina sehemu ya kufunga mpangilio wa kioo, na unaweza kurefusha muda wa kubonyeza pia. Halafu vidole vya mtu aliyelima na kufua miaka yote vinakuwa vikavu, kioo hakivisikii, avipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kwa mawasiliano ya kila siku msisitizie voisi, zile meseji za sauti. Haihitaji miwani, haijali saa, mama akiamka alfajiri anamtumia shoga yake dakika nne za habari za mgongo na bei ya mchele, mwenzake anasikiliza akimaliza kupika. Vidio iwe na saa yake, na saa iwe ya mama. Tuseme saa 3 usiku, taarifa ya habari imeisha: kwa aliyeko Minneapolis hiyo ni saa 6 mchana wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto. Wanaobadilisha saa Machi na Novemba ni Wamarekani, mama habadilishi kitu, wewe ndo uhame.

Sasa magrupu. La ukoo atawekwa tu, na ya michango ya harusi za watoto wa watu asiowajua, unaweza kupunguza kwa kuweka kwenye mipangilio nani anaruhusiwa kumwingiza. Ila kubwa ni misiba. Nimeona mzee amekaa peke yake saa nne usiku anafungua simu anakuta picha ya kaka yake na maneno "pumzika kwa amani", hakuna aliyempigia, kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia. Zamani mtu angekuja mlangoni, angekaa, angeomba maji, ndipo aseme. Kwa hiyo kubalianeni kwenye grupu mapema, tena kwa majina, kwamba habari ya msiba haipostiwi mpaka fulani amefika kwa mama na ameshakaa naye. Na anayekimbilia kuwa wa kwanza kuposti aambiwe ukweli bila kuonewa haya.

Matapeli nao wanawapenda wazee. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" bado ipo, siku hizi kuna na anayejifanya wewe, namba mpya, mama nimekwama. Mpange swali ambalo jibu mnalijua wawili. Ile namba ya tarakimu 6 ya kuthibitisha WhatsApp asimtajie mtu, hata wewe, na mwekee pini ya hatua ya pili, ya kumzuia anayeijua hiyo namba tu. Mtandao wa simu Tanzania unapiga kwa namba 100 na Safaricom kwa 0722 000 000, wengine wote wanaojiita wa mtandao akate tu. Namba ya tapeli itumwe 15040 kwa Tanzania, kwa Safaricom ni 333.

Na kama mama yuko huku kwako, amekuja kulea wajukuu, usidhani ndo kaunganishwa. Nyie mko shifti, watoto shule, nje theluji, jirani wanapungiana mikono tu, huyu anaweza kuwa mpweke kuliko aliyeko Tanga. Hayo yote ya juu mfanyie na yeye, na WhatsApp yake ibaki na namba ya nyumbani, usimhamishie ya huku. Weka salio kwenye ile laini mara kwa mara na uitumie hata kwa meseji moja, maana ikikaa sana mtandao unaifunga na kumpa mtu mwingine, na mwenye laini mpya anaweza kujisajili WhatsApp kwa namba ya mama huku shoga zake wakiendelea kutuma voisi.