Aneurizimu ya mishipa ya moyo: namna ya kuielewa na kupata matibabu yanayofaa

Mtu akiambiwa kwamba mshipa wa moyo wake, au wa mtoto wake, una aneurizimu, yaani sehemu iliyotanuka kupita kiasi, mara nyingi huhofia kwamba mshipa huo utapasuka. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kupasuka hutokea kwa nadra. Hatari kubwa zaidi ni damu kuganda ndani ya sehemu iliyotanuka, na ukilishika hilo utaelewa sababu ya karibu kila jambo atakaloagiza daktari.

Mishipa ya koronari ni ateri zinazoulisha msuli wa moyo wenyewe. Kwa kawaida madaktari husema pana aneurizimu pale ambapo kipande cha mshipa kimetanuka na kufikia mara 1.5 au zaidi ya kipenyo cha sehemu ya jirani iliyo nzima. Damu inapoingia katika upana huo hupungua kasi na kuzungukazunguka, mfano wa maji ya mto yafikapo mahali papana, na damu inayokawia huganda kwa urahisi. Bonge likiziba mshipa, au kipande chake kikisukumwa hadi mahali pembamba, msuli wa moyo hukosa oksijeni na mgonjwa hupata mshtuko wa moyo. Wengi hawana dalili yoyote kabla ya hapo.

Ulizia chanzo mapema, kwa kuwa ndicho kinachoelekeza matibabu. Kwa watu wazima, chanzo kikuu ni mafuta kujijenga katika kuta za ateri. Visababishi vingine ni magonjwa ya uvimbe wa mishipa kama Takayasu, maambukizi, au jeraha linalobaki baada ya mshipa kuzibuliwa. Kwa watoto, chanzo kikuu ni ugonjwa wa Kawasaki, uliopewa jina la Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani aliyechapisha maelezo yake mwaka 1967.

Ugonjwa huu unastahili kujulikana na kila mlezi. Hushika zaidi watoto walio chini ya miaka 5, na dalili zake ni homa inayoendelea siku 5 au zaidi, macho mekundu yasiyotoa tongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu wenye vipele, upele mwilini, tezi iliyovimba shingoni, na mikono na miguu iliyovimba. Katika wiki ya pili au ya tatu ngozi huanza kubambuka kwenye ncha za vidole, kando ya kucha, lakini kusubiri dalili hiyo ni kuchelewa. Mtoto akipewa immunoglobulini (dawa ya kingamwili zinazotokana na damu ya wachangiaji) kwa njia ya mshipa ndani ya siku 10 za mwanzo wa homa, uwezekano wa kupata aneurizimu hushuka kutoka takriban mtoto 1 kati ya 4 hadi takriban 1 kati ya 25. Wachanga walio chini ya miezi 6 huweza kuwa na homa tu bila dalili nyingine za wazi, nao ndio walio hatarini zaidi.

Kwa mtoto, kipimo cha kwanza ni eko ya moyo, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ambayo hurudiwa baada ya wiki 1 hadi 2, kisha kati ya wiki ya 4 na ya 6. Eko huonyesha vizuri mianzo ya mishipa kuliko miisho yake, hivyo watoto wakubwa na watu wazima huhitaji picha za CT au angiografia, ambapo mpira mwembamba hupitishwa hadi kwenye moyo. Omba nakala ya ripoti, nawe uhakikishe imetaja ni mshipa upi, upana wake kwa milimita, na kama kuna bonge. Kwa mtoto, uliza pia alama ya Z, inayolinganisha mshipa wake na ya watoto wenye umbo kama lake: alama ya 10 au zaidi, au upana wa milimita 8 au zaidi, huhesabiwa kuwa aneurizimu kubwa mno.

Tafuta daktari bingwa wa moyo, na kwa mtoto, bingwa wa moyo wa watoto, anayefanya kazi pamoja na wapasuaji. Kwa watu wazima majaribio makubwa ya tiba ni machache, kwa hiyo kuomba maoni ya daktari wa pili kabla ya stenti (kijibomba kinachowekwa ndani ya mshipa) au upasuaji si kumdharau wa kwanza. Aneurizimu ndogo huweza kuhitaji aspirini pekee. Iliyo kubwa huongezewa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, hupimwa mara kwa mara ili ibaki kati ya 2 na 3. Usichanganye aspirini na ibuprofeni bila kuuliza, kwani ibuprofeni hudhoofisha kazi ya aspirini. Mtoto anayetumia aspirini apewe chanjo ya mafua, na chanjo ya surua au tetekuwanga huahirishwa kwa miezi 11 baada ya immunoglobulini.

Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kuzimia ni dharura. Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza huonyesha kwa kutapika, kupauka na kulia bila kubembelezeka. Ukifika hospitalini, taja aneurizimu kabla ya jambo jingine lolote na utoe ile nakala ya ripoti.